Wapagazi na wanyama wa mizigo katika Vita Kuu ya Kwanza (Nyanda za Juu za Kusini, Tanzania)

Wapagazi na wanyama wa mizigo walikuwa tegemeo la majeshi yote yaliyopigana katika Nyanda za Juu za Kusini za Tanzania ya leo wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia (1914–1918). Katika eneo ambalo sasa ni mikoa ya Mbeya, Songwe, Njombe na Iringa hapakuwa na reli, na barabara za kupitisha magari zilikuwa chache mno. Farasi, nyumbu, punda na ng'ombe walioletwa na majeshi walikufa kwa wingi kutokana na magonjwa, hasa nagana inayoenezwa na mbung'o. Kwa sababu hiyo kazi ya wanyama ilihamia kwenye vichwa na mabega ya watu.

Katika vita vyote vya Afrika ya Mashariki, upande wa Waingereza peke yake uliandikisha wapagazi zaidi ya milioni moja kutoka makoloni mbalimbali. Watafiti wengi hutaja vifo visivyopungua 95,000 kati yao. Waliokufa kwa risasi walikuwa wachache. Wengi waliuawa na kuhara damu, malaria, nimonia, njaa na uchovu. Majina ya sehemu kubwa ya marehemu hao hayamo katika kaburi wala mnara wowote.

## Istilahi

Neno mpagazi lilitumika tangu karne ya 19 kwa watu waliobeba mizigo ya misafara ya biashara kati ya pwani na bara. Wakati huo upagazi ulikuwa kazi ya hiari yenye ujira, na makabila kama Wanyamwezi walisifika kwa kazi hiyo. Kiongozi wa mbele aliitwa kirongozi, na msimamizi wa kikundi aliitwa mnyapara.

Wakati wa vita neno hilo lilibaki, lakini hali ya kazi ilibadilika. Wengi walichukuliwa kwa amri kupitia kwa machifu na majumbe. Katika Unyasa (Malawi ya leo) na Rhodesia ya Kaskazini (Zambia ya leo) wapagazi wa vita waliitwa tengatenga. Katika maeneo yaliyotawaliwa na Waingereza upande wa kaskazini walikuwa chini ya kikosi kilichoitwa Carrier Corps, na jina hilo lilitamkwa "Kariakoo" kwa Kiswahili. Soko na mtaa wa Kariakoo mjini Dar es Salaam umepata jina lake kutokana na kambi ya kikosi hicho. Nairobi pia kuna mtaa wa Kariokor wenye asili hiyohiyo.

## Mazingira

Nyanda za Juu za Kusini ni eneo la milima na nyanda zenye baridi. Iringa iko kwenye mwinuko wa karibu mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na Njombe inakaribia mita 2,000. Mlima Rungwe, karibu na Tukuyu, unafikia mita 2,960. Chini yake kuna mabonde yenye joto: Ziwa Nyasa liko kwenye mwinuko usiofika mita 500, na upande wa kaskazini kuna bonde la Ruaha Mkuu.

Tofauti hiyo ya mwinuko ilikuwa na maana kubwa katika vita. Milimani mbung'o ni wachache au hawapo kabisa, na wenyeji kama Wanyakyusa, Wasafwa, Wabena, Wasangu na Wahehe walifuga ng'ombe. Lakini kila njia ya kufika huko ilipita kwenye mabonde au mapori ya miombo ambako mbung'o waliishi. Mnyama aliweza kufika Iringa akiwa bado anatembea, huku tayari amebeba ugonjwa utakaomuua baada ya wiki chache.

Mji wa Mbeya haukuwepo wakati wa vita. Ulianzishwa mwaka 1927. Makao ya serikali ya Kijerumani katika eneo hilo yalikuwa Neu Langenburg, yaani Tukuyu ya leo. Vituo vingine vilikuwa Iringa, boma la Ubena (karibu na Njombe) na misheni za Kiprotestanti na Kikatoliki kama Rungwe, Utengule, Mbozi, Ilembula, Lupembe na Tosamaganga.

## Kabla ya 1914

Matumizi ya wapagazi na punda katika vita hayakuanza mwaka 1914. Mwaka 1891 Emil von Zelewski aliongoza kikosi cha jeshi la Kijerumani kuelekea Uhehe, akiwa na askari zaidi ya 300, wapagazi wapatao 170 na punda wa kubeba silaha. Tarehe 17 Agosti 1891 kikosi hicho kilishambuliwa ghafla na Wahehe wa Mtwa Mkwawa mahali paitwapo Lugalo, mashariki ya Iringa. Kikosi kilikuwa kimejipanga katika mstari mrefu kwenye njia nyembamba, na mizinga na bunduki za rashasha zilikuwa bado zimefungwa kama mizigo. Sehemu kubwa ya kikosi iliangamizwa kwa muda mfupi, na Zelewski mwenyewe aliuawa. Masimulizi yanasema alikuwa amepanda punda alipochomwa mkuki na kijana. Inasimuliwa pia kwamba risasi iliyofyatuliwa na ofisa mmoja kumlenga ndege ilichukuliwa na Wahehe kuwa ishara ya kuanza mashambulizi.

Tukio la Lugalo lilionyesha jambo ambalo lingejirudia miaka 25 baadaye: katika nchi hiyo jeshi lilikuwa na nguvu kadiri msafara wake wa mizigo ulivyokuwa salama.

Katika miaka hiyohiyo ya 1890 tauni ya ng'ombe (sotoka) iliua mifugo mingi katika Afrika ya Mashariki. Ilipofika mwaka 1914 wafugaji wa Nyanda za Juu walikuwa wamekwisha kujenga upya sehemu ya makundi yao. Ndiyo mifugo ambayo majeshi yaliikuta.

## Mwendo wa vita katika eneo hilo

Mwanzoni mapigano yalikuwa mpakani tu. Hali ilibadilika tarehe 25 Mei 1916, wakati Jenerali Edward Northey alipovuka mpaka kutoka Unyasa na Rhodesia ya Kaskazini. Vikosi vyake vinne vilianzia sehemu mbalimbali kati ya Karonga kwenye Ziwa Nyasa na Abercorn (Mbala ya leo) karibu na Ziwa Tanganyika. Jeshi lake lilikuwa na askari wa King's African Rifles, polisi wa Rhodesia ya Kaskazini na wanajeshi wa Afrika Kusini, na nyuma yao maelfu ya tengatenga.

Mwisho wa Mei 1916 Waingereza waliingia Neu Langenburg, na mwezi Juni walifika Njombe. Tarehe 24 Julai walishinda mapigano ya Malangali, katika wilaya ya Mufindi ya leo, na tarehe 29 Agosti 1916 waliingia Iringa.

Ushindi huo ulirefusha njia ya mizigo kuliko uwezo wa kuihudumia. Mwezi Septemba Wabelgiji waliteka Tabora. Jeshi la Kijerumani la magharibi chini ya Jenerali Kurt Wahle lilirudi nyuma kuelekea kusini-mashariki na kuangukia njia hiyo ya Northey. Mwezi Oktoba na Novemba 1916 palikuwa na mapigano makali kuzunguka Iringa, Ngominji, Lupembe na Ilembula. Tarehe 26 Novemba sehemu moja ya jeshi la Wahle ilijisalimisha Ilembula, lakini sehemu kubwa ilipenya kwenda Mahenge. Baadaye Jenerali Jaap van Deventer wa Afrika Kusini alichukua upande wa Iringa, akitegemea mizigo kutoka reli ya kati mjini Dodoma.

Februari 1917 kapteni Max Wintgens alijitenga na Wajerumani wengine upande wa Songea akaenda kaskazini-magharibi hadi karibu na Ziwa Rukwa. Huko mapigano yalitokea kwenye misheni ya Galula, iliyoitwa wakati huo St. Moritz. Wintgens alijisalimisha mwezi Mei akiwa mgonjwa, na kikosi chake kiliendelea chini ya Heinrich Naumann hadi Oktoba 1917.

Mara ya mwisho vita vilipita mwaka 1918. Paul von Lettow-Vorbeck, aliyekuwa ameingia Msumbiji Novemba 1917, alivuka tena Mto Ruvuma mwishoni mwa Septemba 1918. Alipita Songea na Ubena, akazunguka kaskazini ya Ziwa Nyasa na kuingia Rhodesia ya Kaskazini kupitia Fife. Alijisalimisha Abercorn tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya vita kwisha Ulaya. Alikuwa amebaki na Wazungu 155 na askari 1,168; wapagazi waliobaki naye walizidi idadi ya askari.

## Wanyama wa kazi

### Farasi na nyumbu

Jeshi la Afrika Kusini lilizoea vita vya farasi. Mwaka 1916 van Deventer aliongoza wapanda farasi kutoka Kilimanjaro hadi Kondoa, kisha Dodoma. Farasi walikufa njiani kwa maelfu, na wapanda farasi wengi waligeuka kuwa askari wa miguu. Nyumbu wa kufugwa, yaani mtoto wa punda dume na farasi jike, walitumika kubeba mizinga midogo na risasi. Walivumilia kidogo zaidi kuliko farasi, lakini nao waliteketea.

Mbali na nagana, farasi waliuawa na ugonjwa wa farasi wa Afrika, ambao huenezwa na visubi hasa wakati wa mvua.

### Ng'ombe na punda

Waafrika Kusini walileta pia magari ya kukokotwa na ng'ombe, ambayo kwa kawaida yalihitaji ng'ombe 16 kwa gari moja. Katika nchi kavu isiyo na mbung'o mpango huo ulifanya kazi vizuri. Katika mabonde ya Tanganyika ng'ombe walianguka mmoja baada ya mwingine, na gari lililopoteza nusu ya ng'ombe wake lilikuwa halisogei tena. Punda walionekana kuwa wagumu kuliko wengine, lakini hawakuwa wengi wa kutosha, na mzigo wao ulikuwa mdogo.

### Namna nagana inavyoua

Nagana husababishwa na vimelea vya jenasi *Trypanosoma*. Mbung'o akinyonya damu ya mnyama wa porini kama nyati au ngiri, humeza vimelea hivyo na kuvipitisha kwa mnyama mwingine anapomuuma. Wanyama wa porini huishi na vimelea bila kuugua sana, lakini farasi, nyumbu na ng'ombe wageni hupungukiwa na damu, hukonda na kufa. David Bruce alithibitisha uhusiano wa mbung'o na ugonjwa huo nchini Afrika Kusini katika miaka ya 1890, hivyo majeshi ya mwaka 1916 yalijua hatari iliyopo. Wanyama walipewa aseniki, ambayo iliwarefushia maisha kwa muda bila kuwaponya. Makamanda waliwahesabu kama risasi: kitu cha kutumika hadi kiishe, kisha kuagizwa kingine.

## Kazi ya wapagazi

### Uandikishaji

Majeshi yote mawili yalichukua watu kwa nguvu. Wajerumani walitumia majumbe na askari wao kukusanya watu vijijini, na vikosi vilivyokuwa mbioni, kama kile cha Wintgens, vilichukua yeyote aliyepatikana njiani. Wanawake na watoto wa askari waliandamana na misafara, na mara nyingine walibeba mizigo pia.

Waingereza waliandikisha kwanza katika makoloni yao, kisha katika maeneo waliyoyateka. Kwa njia hiyo mwanamume wa Rungwe au Njombe aliweza kubebeshwa mizigo ya Wajerumani mwezi Aprili 1916 na ya Waingereza mwezi Agosti mwaka huohuo. Ujirani na mpaka haukuwa kinga: watu wa pande zote mbili za Mto Songwe, wenye lugha na undugu wa karibu, walijikuta katika misafara ya maadui.

Njia kuu ya kupinga ilikuwa kutoroka. Watu walikimbilia milimani au porini waliposikia kwamba jeshi linakaribia. Mwaka 1918 von Lettow-Vorbeck alipopita karibu na Songea, wapagazi na hata askari wengi wenye asili ya huko waliacha msafara na kurudi makwao. Upande wa Unyasa, upotevu wa watu katika mapigano ya Karonga ya Septemba 1914 ulikuwa mojawapo ya malalamiko ya mchungaji John Chilembwe, aliyeongoza uasi mwezi Januari 1915.

### Mzigo, posho na hesabu ya safari

Mpagazi alibeba takriban kilo 25, mbali na sufuria, blanketi na chakula chake. Posho ya siku ilikuwa karibu kilo moja ya unga au nafaka. Idadi hizo mbili zinaeleza ugumu wote wa vita hivyo.

Kutoka Dodoma hadi Iringa ni zaidi ya kilomita 250. Kwa mwendo wa kilomita 20 kwa siku, safari ilichukua siku 13, na kurudi siku 13 nyingine. Katika siku hizo 26 mpagazi mmoja angekula kilo 26 za unga. Kama angelishwa kutokana na mzigo wake mwenyewe, mzigo wote ungekwisha kabla hajarudi, na askari wa Iringa wasingepata hata kibaba.

Kwa hiyo njia iligawanywa kwa vituo. Kila kundi la wapagazi lilibeba mzigo kutoka kituo kimoja hadi kingine na kurudi, na vituo viliwekewa akiba ya chakula. Mpango huo ulihitaji watu wengi mno: nyuma ya kila askari wa mstari wa mbele walihitajika wapagazi kadhaa, na nyuma ya hao wengine wa kuwaletea chakula. Kila kilomita jeshi lilivyosonga mbele, idadi ya watu waliohitajika iliongezeka.

Northey alikuwa na tatizo hilohilo upande wa magharibi. Mizigo yake ilivushwa Ziwa Nyasa kwa meli hadi bandari ya Mwaya, kisha ikapandishwa hadi Tukuyu na kuvushwa milima kuelekea Njombe. Mtu aliyetoka ufukweni alipanda zaidi ya mita 1,000 kabla ya kufika Tukuyu, akiwa na mzigo kichwani juu ya kata ya nyasi au kitambaa.

Masika ya mwaka 1917 yalizidisha taabu. Mito ilifurika, bonde la Ruaha likageuka maji na matope, na magari machache yaliyokuwepo yakakwama. Wanajeshi wa Afrika Kusini, ambao wengi wao walikuwa wagonjwa na wenye njaa, waliondolewa nchini tangu mwanzo wa mwaka huo. Wapagazi walibaki.

### Maradhi na vifo

Chakula chenyewe kiliua. Watu waliozoea ndizi, mchele au ulezi walipewa unga wa mahindi, mara nyingi bila muda wala kuni za kuupika uive. Ugali mbichi ulileta magonjwa ya matumbo, na kuhara damu kulienea kambini kwa sababu ya maji machafu.

Baridi ilikuwa adui wa pili. Mwezi Juni na Julai sehemu za Njombe na Ukinga hupata sakitu (jalidi). Watu wa kando ya ziwa au wa pwani walipelekwa huko wakiwa na blanketi moja au bila blanketi, na nimonia iliwaua. Funza walikula vidole vya miguu, na mtu asiyeweza kutembea hakuwa na faida tena kwa msafara.

Oscar Watkins, aliyekuwa mkuu wa kikosi cha wapagazi wa Waingereza katika Afrika ya Mashariki, alijitahidi kuboresha posho, mavazi na hospitali, na kulikuwa na nafuu kadiri vita vilivyoendelea. Alianzisha pia utaratibu wa kuwatambua wapagazi kwa namba. Hata hivyo mpagazi aliyekufa njiani mara nyingi alizikwa palepale, na namba yake ikapotea pamoja naye.

## Wanyama wa porini na nyuki

Wanyama wa porini waliingia katika vita kwa namna mbalimbali:

* Nyuki: Katika mapigano ya Tanga ya Novemba 1914, makundi ya nyuki waliotibuliwa na risasi waliwashambulia wanajeshi wa pande zote mbili. Tukio hilo ni maarufu kuliko yote yanayohusu wanyama katika vita vya Afrika ya Mashariki.
* Twiga: Nyaya za simu zilizotundikwa mitini au kwenye nguzo fupi zilikatwa mara kwa mara na twiga waliopita usiku.
* Simba na fisi: Walifuata misafara na kambi, ambako mizoga ya farasi na ng'ombe ilikuwa mingi. Wapagazi waliolala nje ya boma la miiba au waliobaki nyuma kwa ugonjwa ndio waliokuwa hatarini zaidi.
* Viboko na wanyama wengine wa nyama: Jeshi la von Lettow-Vorbeck liliwinda ili kujilisha. Mafuta ya kiboko yalitumika badala ya mafuta ya kupikia.

## Athari kwa wenyeji

Majeshi yalichukua ng'ombe, mbuzi, kuku na nafaka, mara nyingine kwa malipo na mara nyingi bila malipo. Vijiji vilivyokuwa kando ya njia kati ya Tukuyu, Njombe na Iringa vilipitiwa na jeshi zaidi ya moja katika mwaka mmoja. Wanaume walipokuwa safarini mashamba yalibaki kwa wanawake, wazee na watoto, na msimu wa kupanda ulipita bila nguvu kazi ya kutosha.

Upande wa kaskazini wa njia ya Iringa, Wagogo walinyang'anywa nafaka na mifugo huku watu wao wakichukuliwa upagazi. Ukame ulipoongezeka ilitokea njaa ya miaka 1917–1920 inayokumbukwa kwa jina la Mtunya.

Mwishoni mwa mwaka 1918 mafua makali yaliyokuwa yakizunguka dunia nzima yalifika kwa wapagazi na askari waliodhoofika. Magonjwa ya mapafu yalikuwa yameonekana katika msafara wa von Lettow-Vorbeck ulipopita Ubena mwezi Oktoba. Wapagazi waliorudi makwao walipeleka mafua hayo vijijini.

Kulikuwa pia na athari ya polepole. Mahali ambapo watu na ng'ombe walitoweka, vichaka viliota upya juu ya mashamba na malisho. Vichaka hukaribisha wanyama wa porini, na wanyama hao hukaribisha mbung'o. Hivyo mdudu aliyeua wanyama wa jeshi alipata eneo kubwa zaidi baada ya jeshi kuondoka.

## Malipo na kumbukumbu

Mshahara wa mpagazi ulikuwa mdogo kuliko wa askari, na Waingereza waliupunguza kadiri idadi ya wapagazi ilivyokua. Mishahara ya wengi waliokufa haikuwafikia ndugu zao, kwa sababu majina na vijiji vyao havikuandikwa sawasawa. Katika miaka ya 1960 serikali ya Ujerumani Magharibi iliwalipa askari wazee waliokuwa bado hai. Wapagazi hawakukumbukwa kwa namna hiyo.

Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 ulitaja Uhehe kwa jambo moja: kifungu cha 246 kiliitaka Ujerumani irudishe fuvu la Mkwawa. Fuvu lilirudishwa Kalenga tarehe 19 Juni 1954 na gavana Edward Twining, na linahifadhiwa katika makumbusho ya Kalenga. Mkataba huohuo haukuwa na neno lolote juu ya wapagazi.

Mjini Iringa kuna makaburi ya wanajeshi wa vita hivyo. Boma la Wajerumani mjini humo ni makumbusho tangu mwaka 2016. Dar es Salaam kuna Sanamu la Askari, lililozinduliwa mwaka 1927 mahali palipokuwa na sanamu ya Hermann von Wissmann. Linawakumbuka askari na wapagazi Waafrika waliotumikia upande wa Waingereza, lakini umbo lenyewe ni la askari mwenye bunduki. Nairobi kuna mnara wa aina hiyo wenye sanamu ya mpagazi kando ya askari.

Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilichapisha taarifa ya uchunguzi kuhusu namna ilivyowakumbuka marehemu wa Vita Kuu ya Kwanza. Taarifa ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na labda hadi 350,000, wengi wao wa Afrika ya Mashariki na Misri, hawakuandikwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Tume iliomba radhi na kuahidi kutafuta majina yanayoweza kupatikana. Kwa wapagazi wa Nyanda za Juu za Kusini kazi hiyo ni ngumu, kwa kuwa orodha nyingi zilikuwa za namba tu na walioshuhudia wamekwisha kufa. Masimulizi ya ukoo na majina ya mahali ni miongoni mwa kumbukumbu chache zilizobaki.

## Tazama pia

* Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia katika Afrika ya Mashariki
* Mkwawa
* Lugalo
* Tukuyu
* Kariakoo
* Mbung'o
* Sanamu la Askari